Msifunue Sanduku la Olga

9 Februari

Ninaandika kwa sababu nikifungua mdomo nitamtukana mtu.

Siku tano zimepita tangu nimpoteze mtoto. Miezi mitano tumboni, mvulana. Nyumba yetu hapa Musinzira, mjini Gitega, imejaa watu wanaokuja kunipa pole, nami nimelala chumbani na mlango haufungwi. Kila anayeingia lazima anifunue shuka, anitazame usoni, aulize ilikuwaje. Mama mkwe wangu, Bi Zaituni, amekuja kutoka Muyinga kunitunza, na yeye ndiye anayewaongoza hadi kitandani. "Muingie tu, hajalala, anajificha," anawaambia.

Wakitoka kwangu wanapelekwa sebuleni kuonyeshwa nyoka.

Nyoka ni wa mume wangu, Husni. Ni chatu wadogo wawili, wa ile aina inayojikunja ikawa kama mpira ikiogopa. Aliwanunua mwaka jana kwa Mbelgiji mmoja, mtaalamu wa kilimo, aliyekuwa anarudi kwao. Jike anaitwa Olga, mnene kama mkono wangu. Dume ni Feliksi, mwembamba. Husni ni fundi wa magari, mikono yake haijui kutulia, na mgeni akikosa la kusema yeye humtoa Olga na kumvisha mgeni huyo shingoni kama mtandio. Leo nimemsikia kutoka hapa kitandani akicheka na wageni.

Siku tano. Amecheka.

11 Februari

Mvua tangu asubuhi. Wageni saba.

14 Februari

Leo nimeweza kukaa sebuleni. Afadhali ningebaki kitandani.

Olga amekataa panya kwa mara ya nne. Tunafuga panya weupe ndani ya kizimba alichotuachia Mbelgiji, na Husni huwaua kabla ya kuwalisha nyoka. Nimemkuta amemshika Olga nyuma ya kichwa, anamgongagonga mdomoni na panya mfu. "Kula basi, mama. Kula." Olga alikuwa anatafuta pa kuweka kichwa. Alikiingiza kwenye mkono wa shati la Husni, Husni akamvuta nje. Akakiingiza tena.

"Muache," nikamwambia.

"Akikufa je?"

"Hatakufa leo. Muache."

"Mi niko namusaidia, Swabra."

Hapo mama mkwe akasema kutoka jikoni, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesema chumvi imekwisha: "Hataki kula sababu alishakula. Kila mutu hapa anajua alikula nini."

Kulikuwa na wanawake wawili wa jirani. Wakainamisha vichwa. Nilimtazama Husni nikisubiri aseme neno moja. Alimrudisha Olga kwenye kioo, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akatoka kwenda gereji.

20 Februari

Nimerudi kufundisha. Nafundisha biolojia sekondari, na kwa miaka sita nimechora reptilia ubaoni bila kumgusa hata mmoja. Wanafunzi walisimama wote kunipokea, wakaketi, wakafungua madaftari. Hakuna aliyenitazama tumbo. Nilitamani kulala palepale shuleni.

Jioni nilisoma daftari la Mbelgiji, alilotuachia pamoja na nyoka. Husni hajawahi kulifungua, Kifaransa cha kuandikwa kinamchosha. Ameandika kwamba Olga aliwahi kukaa miezi minne bila kula, akapungua kidogo sana, kisha siku moja akala kana kwamba hakuna kilichotokea. Kosa pekee, anasema, ni kumsumbua. Nyoka hawa porini huishi kwenye mashimo ya wanyama wengine, wametengenezwa kwa ajili ya giza na kubanwa. Akijificha si mgonjwa wala hana kinyongo. Anataka kuta zimguse ubavuni na dari imguse mgongoni ajue hakuna kinachomjia kwa nyuma. Akishajua hilo, ndipo tumbo lake linafunguka. Usimshike wiki nzima kabla ya kumlisha. Weka chakula mlangoni mwa maficho yake, jioni, ondoka.

Nilikwenda kutazama tunavyowaweka. Kioo pande nne, katikati ya sebule, mkabala na televisheni. Maficho yao ni chungu kimoja ambacho kuku angeweza kuatamia ndani yake.

22 Februari

Nimewahamisha. Masanduku mawili ya mbao yenye vifuniko vya wavu, yaliyokuwa ya vipuri, na ndani ya kila moja nimeweka mabeseni mawili madogo yaliyopinduliwa, nimeyakata mlango wa kupita nyoka tu. Umeme ukikatika naweka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitenge, kwa sababu baridi ya Gitega hawaiwezi. Masanduku yako kwenye chumba cha nyuma. Chumba hicho hakina kazi nyingine sasa.

Olga aliingia chini ya beseni kabla sijaondoa mkono wangu.

Husni amesema wageni wataona nini. Nimemjibu wataona ukuta.

2 Machi

Ramadhani imeingia. Sifungi, bado natoka damu kidogo, na mama mkwe ananipikia uji asubuhi na kuuweka mezani kwa kishindo.

Nataka niandike jambo la haki, nisije nikasoma daftari hili uzeeni nikajiona nilikuwa mwovu tu. Sikumlaumu Husni kwa siku ile. Damu ilianza saa nne asubuhi, tarehe nne. Akasema gari halina petroli hata tone, na ilikuwa wiki ya tatu mji mzima hauna petroli, watu wanalala kwenye foleni. Pikipiki zimesimama. Hata gari la wagonjwa halikuwa na petroli. Akatoka mbio kwa miguu kutafuta usafiri. Saa tisa ndiyo akarudi na Bwana Hassanali, mwenye duka la vitambaa, na pikapu yake. Daktari alisema tungefika kabla ya adhuhuri wangeweza kujaribu kitu. Alisema pia kwamba mimi mwenyewe nilibakiza kidogo nife. Nchi haina petroli, nikasema moyoni, mtu mmoja afanye nini.

Wakamzika mtoto kesho yake, Husni na Hassanali na imamu. Mimi nilikuwa hospitali.

9 Machi

Feliksi amekula. Nilimwekea panya mlangoni jioni, asubuhi hayupo. Sikumwambia mtu.

13 Machi

Mama mkwe anafunua masanduku nikiwa shuleni. Najua kwa sababu vitenge vinakunjwa kwa mkono usio wangu. Nikamuuliza kwa adabu zote nilizobakiza.

"Mama, naomba usiwafunue. Wakifunuliwa hawali."

"Mi naangalia kama bado iko mule. Kitu kama ile unaachaje bila kuangalia?"

"Hawatoki, Mama."

"Weye Mtanzania," akasema, "unajuaka vitabu. Mi najua nyumba."

Nimelelewa Kigoma, ndiyo. Wazazi wangu walikimbilia huko vita vilipoanza, nikasomea huko, nikarudi. Hilo Utanzania hutolewa kabatini ninapokuwa na kosa.

17 Machi

Ameleta wanawake wanne. Nimerudi shuleni nikawakuta chumba cha nyuma, wamesimama duara, kifuniko kiko sakafuni, beseni limenyanyuliwa, na Olga katikati amejikunja mpira, kichwa kimefichwa katikati kabisa, anatetemeka. Sikujua nyoka hutetemeka. Mama mkwe alikuwa anawaonyesha tumbo lake kwa mwiko.

"Munaona penye iko nene? Ndiyo pale."

Nilimnyang'anya mwiko. Sijawahi kumnyang'anya mtu mzima kitu chochote maishani mwangu. Nikasema watoke. Nilisema kwa upole, nadhani ndiyo sababu walitoka haraka.

Husni alipofuturu nilimwambia mbele ya mama yake: "Mwambie mama kwamba nyoka hakula mtoto wetu."

Akachovya mkate kwenye chai. "Swabra, tuko ndani ya mwezi mutukufu. Tusileteane maneno."

"Si maneno. Ni sentensi moja."

"Mama anasikia," akasema. Basi.

22 Machi

Nitaandika yote, hata mkono ukifa ganzi.

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, nimeingia na chupa ya maji ya moto, nikakuta kifuniko cha Olga hakikubanwa. Beseni la kwanza tupu. Beseni la pili tupu. Kabla sijafikiri la kusema, mama mkwe alikuwa ameshapita mlangoni, ameshaona, ameshatoka uani akiita majirani. Baada ya robo saa wanaume watatu walikuwa getini na mapanga.

Nilisimama getini. Niliwaambia nyoka huyu hana sumu, hajawahi kumng'ata mtu, na wa kwanza kuingia na panga atanikata mimi. Mmoja akasema, "Mwalimu, tunakusaidia." Nikamwambia nimeshasaidiwa sana mwaka huu. Husni alikuwa gereji, simu haipokei.

Nikaanza kutafuta. Nilijaribu kufikiri kama Olga. Hakwenda mbali, daftari linasema hawaendi mbali. Hakwenda kwenye nuru. Amekwenda kwenye joto kidogo, giza, mahali pembamba. Nilitazama nyuma ya friji, ndani ya viatu, chini ya jiko la mkaa lililozimwa, ndani ya mkunjo wa godoro. Kisha nikaona kwamba ukuta wa chumba cha nyuma unapakana na stoo ya Husni, na chini pana tundu la bomba la zamani.

Stoo ile mimi siingii. Imejaa betri na mikanda ya injini. Nilipiga magoti na tochi, nikahamisha matairi, nikafunua turubai pembeni kabisa. Olga alikuwa hapo. Amejibana kati ya ukuta na dumu la lita ishirini, amelala kimya, mgongo umegusa ukuta, ubavu umegusa dumu. Nilifurahi hata machozi yakanitoka. Nikalisogeza dumu nimtoe.

Lilikuwa zito. Nikafungua kizibo. Petroli, mpaka shingoni.

Husni huandika tarehe kwa kalamu nyeusi kwenye kila kitu, mafuta ya injini, betri, hata balbu. Amezoea hivyo tangu alipokuwa mwanafunzi wa ufundi. Kwenye dumu aliandika: 29/1.

Tarehe 29 Januari. Siku sita kabla.

Nilikaa pale sakafuni na nyoka mapajani, sijui muda gani. Wanaume waliniita kutoka getini wakauliza kama nimempata. Nikasema ndiyo, nimempata.

23 Machi

Nilimsubiri amalize kufuturu. Mama mkwe alikuwa amekwenda tarawehe. Niliweka dumu mezani, kati ya sahani.

Hakujaribu kuuliza ni nini. Ninamwandikia hilo kama sifa.

"Ilikuwa ya kwenda Kobero," akasema. "Tarehe sita. Kulikuwa giaboksi ya client iko nangojea mupakani."

"Nilikuwa natoka damu."

"Nilifikiri ni maumivu tu, itapita. Nikasema esansi haiko. Nilisema tu hivi, Swabra. Halafu ikazidi, na mi nilishasema haiko."

"Ungerudi ukasema petroli ipo."

"Nilishindwa kurudia ile neno. Nilikimbia kutafuta gari ili isijulikane. Nilikimbia kweli. Nilienda mpaka soko, mpaka kwa mapadri."

"Saa tano nzima, Husni. Dumu lilikuwa hatua ishirini kutoka kitandani."

Akasema tangu siku ile ameshindwa kuigusa petroli hiyo. Kobero amekwenda mara mbili kwa magari ya watu. Nikamuuliza kama ndiyo sababu alinyamaza mama yake alipoanza kusema habari za nyoka.

"Ilikuwa afadhali waseme nyoka," akasema.

Afadhali kwa nani, sikuuliza. Akaomba nisimwambie mama yake.

25 Machi

Nimeondoka. Likizo ya shule imeanza. Bwana Hassanali alikuwa anapeleka pikapu Kobero kupokea mzigo, na Muyinga iko njiani. Nilimwambia nina kikapu chenye nyoka wawili ndani ya foronya. Akafikiri kidogo, akauliza kama wanahitaji dirisha wazi au limefungwa. Mkewe, Bi Zarin, alinifungashia chapati, akasimama hatua kumi kutoka kwenye kikapu, akanirushia kifurushi. Hawakuuliza kitu. Kizimba cha panya kilifungwa nyuma, pamoja na marobota.

Njia nzima kupitia Karuzi mvua ilipiga kioo. Tulipokaribia Muyinga Hassanali akasema, "Siku ile alikuja dukani saa nane na nusu, anahema. Mimi nilidhani ndiyo kwanza imeanza."

Nikamwambia ilianza saa nne.

26 Machi

Shangazi yangu Fatouma anashona nguo hapa Muyinga. Anachukia nyoka. Amenipa chumba cha ndani, chenye kitasa, na ufunguo wake. "Mlango wako, nyoka wako," akasema. "Nikiona mkia kwenye vitambaa vyangu utalala nao sokoni." Kisha akarudi kwenye cherehani.

Nimefunga mlango nikalala saa kumi na nne mfululizo.

31 Machi

Idi. Simu ya Husni, mara sita. Sikupokea.

6 Aprili

Olga hajala tangu Januari. Nimempima kwa mizani ya unga ya shangazi, nikaapishwa kuiosha kwa maji ya moto. Amepungua kidogo sana. Nimemrudisha. Sitamgusa tena mpaka ale.

Hasira yangu haipungui. Naamka nayo. Nikimenya viazi, namenya dumu lile. Nilifikiri nikiwa mbali itatulia, kumbe ilikuwa inangoja pawe na kimya.

12 Aprili

Saa moja jioni, giza limeingia, umeme umekatika. Niliweka panya mlangoni mwa beseni, vuguvugu, nikakaa pembeni. Nilitakiwa kuondoka lakini nilikuwa nimechoka.

Baada ya muda mrefu niliona ulimi. Kisha pua. Alikaa hivyo, nusu kichwa nje, labda dakika ishirini. Nami sikusogeza hata kidole. Kisha shingo ikavutika nyuma kama herufi S, akarusha kichwa, akamkamata panya, akamviringisha mara mbili, na wote wawili wakaingia chini ya beseni. Nilisikia mbao zikikwaruza.

Nilitoka nikamwambia shangazi. Akasema hongera, uso umejaa kinyaa, akanimiminia chai.

19 Aprili

Wamekuja, Husni na mama yake. Shangazi aliwakaribisha, akazima cherehani, akabaki palepale. Mama mkwe alianza, kwamba mwanamke haachi nyumba kwa ajili ya wadudu, kwamba watu wa Musinzira wanauliza, kwamba yeye amesamehe habari ya mwiko.

Nikasema: "Nitazungumza Husni akishasema."

"Aseme nini?" mama mkwe akauliza.

Husni alitazama mikono yake. Nilidhani atainuka atoke, na nilikuwa nimeshajua nitakachofanya akitoka. Lakini akasema. Alisema yote, dumu, tarehe, zile saa tano, soko, mapadri, na kwamba alinyamaza makusudi.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta mtandio wake, akaukaza.

"Mi nilizunguka Musinzira yote," akamwambia mwanawe. "Kila nyumba. Nilisema mukazana wangu, muke ya mwanangu, anafuga kitu yenye inakula watoto. Na weye ulikuwa unaniangalia. Jioni unanimiminia chai, unaniangalia."

"Mama, unisamehe."

"Unyamaze. Ulijua vizuri kunyamaza, unyamaze na sasa."

Akanigeukia. Sikutaka aniombe msamaha, sikuwa na mahali pa kuuweka. Hakuniomba. Akasema, "Zile nyumba zote nitazirudilia. Moja moja, kwa miguu yangu." Akauliza choo kiko wapi, akakaa huko muda mrefu, aliporudi macho yalikuwa mekundu na uso umeoshwa.

Husni aliuliza kama nitarudi. Nikamwambia nimeomba nafasi ya kufundisha Buhinyuza, hukuhuku mkoani Muyinga, muhula ujao, na kwamba sijui.

3 Mei

Bi Zarin amepiga simu. Mama mkwe aliingia dukani jana mchana, wateja wamejaa, akasimama mbele ya meza na kusema: nyoka hakufanya kitu, ni mwanangu alificha esansi. Akasema mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, akatoka kwenda duka la pili. "Watu walisahau walichokuja kununua," Zarin akaniambia.

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza, na ikanikera kwamba nimecheka.

10 Mei

Nafasi ya Buhinyuza nimeipata. Olga amekula mara ya tatu. Feliksi anajibana tu, anakaribia kubadili ngozi.

24 Mei

Mvua zimekatika, vumbi limeanza. Husni alikuja peke yake kwa basi. Tulikaa kibarazani kwa shangazi. Hakuomba nirudi na hakusema habari za mama yake. Alikuwa amekonda. Nilimwona hivyo na sikumhurumia, naandika kama ilivyokuwa.

Alimaliza chai yake. Kisha akasema imamu siku ile aliuliza jina la mtoto kabla ya kumzika, na yeye alisema hana jina.

"Lakini we ulikuwa nalo," akasema. "Sikukuuliza. Ulikuwa unamuita nani?"

Watu zaidi ya mia wamepita kitandani kwangu tangu Februari, wakafunua shuka na kuuliza kila kitu. Hilo hakuna aliyeliuliza.

Nilimwambia. Alilitamka taratibu, mara moja, kisha mara ya pili. Nikamwacha alie. Ilipofika saa tisa nikamwambia ainuke, basi la mwisho la Gitega litamwacha.